Tupime Maneno ya Watawala



Baadhi ya ndugu wa mitaa ya Handeni na Korogwe wametuomba tuandike somo juu ya propaganda. Wanasema neno hili hulisikia redioni na kwenye mikutano, lakini kila mtu hulitumia kwa kumkashifu mwenzake: maneno yangu mimi ni habari, maneno yako wewe ni propaganda. Basi tulitazame kwa utulivu, kama tulivyokuwa tukiwafundisha walimu wanafunzi chuoni: kwanza maana yake, kisha mifano, halafu vipimo, na mwisho maswali. Kabla ya kuendelea, someni 2 Samweli 15:1-6 na Mathayo 28:11-15. Masomo haya mawili ndiyo nguzo za somo letu.

1. NENO LENYEWE

Wengi watashangaa kusikia kwamba neno hili lilizaliwa kanisani. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 aliunda baraza la kusimamia kazi ya kueneza imani, nalo kwa Kilatini likaitwa Propaganda Fide. Hivyo maana ya kwanza ya neno ni kueneza tu, kama mkulima anavyoeneza mbegu. Hapakuwa na ubaya ndani yake.

Ubaya waingia pale mwenezaji anapoacha kutaka watu waelewe, akataka tu watii. Hapo huchagua ukweli unaomfaa na kuuficha usiomfaa. Hurudia neno moja mpaka watu walione kuwa ni lao wenyewe. Huamsha hofu, chuki au majivuno, kwa sababu mtu mwenye hofu hapimi jambo. Mara nyingi hana haja hata ya kusema uongo mtupu. Nusu ya kweli yamtosha.

Tena si kila uenezi ni mbaya. Wazee wenzetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana juu ya maji, vyoo na malaria. Ule ulikuwa uenezi wa serikali, lakini mambo yake yalikuwa kweli, na kila mtu aliweza kuyahakikisha kwa macho yake. Aliyechimba choo alikiona choo.

2. JINSI UTAWALA UNAVYOPATIKANA

Mtazameni Absalomu. Hakuanza na upanga, bali na gari, farasi, na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Leo tungesema alianza na msafara. Kisha akaamka mapema, akasimama kando ya lango. Kila aliyekuja na shauri lake alimwambia kwamba madai yake ni mema, ila hakuna wa kumsikiliza. Akamshika mkono na kumbusu. Yaangalieni mambo matatu hapa: fahari ya kutazamwa, malalamiko ya kweli ya watu, na ahadi isiyo na gharama. Malalamiko yalikuwapo kweli. Ahadi ndiyo iliyokuwa chambo.

Hapa kwetu nako tuna habari ya zamani inayotufundisha. Kila mtoto wa Usambaa na Uzigua amesimuliwa habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu. Ndugu zake walimkataa kwa sababu walimhesabu kuwa kigego, mtoto wa nuksi. Akasafiri na mbwa wake, akawagawia watu nyama, akamwua simba, na watu wa Vuga wakamweka kuwa mfalme. Ndipo mfalme wa Wakilindi akaitwa Simba Mwene. Habari hii iliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa kwanza na Misheni kule Magila.

Hatusemi kwamba Mbegha hakuwapo, wala kwamba hakuwa mtu mwema. Tunauliza swali la mwalimu tu: habari hii ilisimuliwa kwa faida ya nani? Yasema kwamba mfalme hakuchukua nchi, bali aliitwa. Yasema alikuja na nyama mkononi. Yasema aliye na nguvu za kumwua simba ndiye afaaye kuwalinda watu. Juu ya hayo, watu waliamini kwamba nguvu za mfalme ndizo ziletazo mvua. Mvua ikinyesha, mfalme ana nguvu. Isiponyesha, kuna mtu anayempinga. Mtawala wa namna hiyo hawezi kukosea kamwe. Lakini Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, wajukuu wa mwua simba waligombana wao kwa wao. Semboja wa Mazinde, aliyekaa karibu na njia ya misafara, alipata bunduki, na watu wengi wakauzwa utumwani. Habari ya nyama iliyogawiwa haikumzuia mtu yeyote kumwuza jirani yake.

Tuje karibu zaidi. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote. Redio ilisoma sababu kumi na nane za mapinduzi hayo. Nyingine zilikuwa malalamiko ya kweli ya watu wa Uganda. Amin akasema yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafanywa. Akawafungua wafungwa wa siasa. Akauleta nyumbani mwili wa Kabaka Mutesa uliokuwa umezikwa Uingereza, na mioyo ya Waganda wengi ikamwelekea. Watu walicheza ngoma katika barabara za Kampala.

Miongoni mwa waliofunguliwa alikuwamo Benedicto Kiwanuka. Amin alimfanya Jaji Mkuu. Mwezi Septemba 1972 askari walimchukua kutoka mahakamani, na hakurudi tena. Basi mtu yule yule aliyeonyeshwa kwa watu kama ushahidi wa huruma ya mtawala, ndiye aliyeuawa mara huruma hiyo ilipokuwa haina kazi tena.

3. JINSI UTAWALA UNAVYOSHIKWA

Kupata ni kazi moja, na kushika ni kazi nyingine. Tumeona njia nne zinazotumika sana.

(a) Kumtukuza mkuu. Amin alijipa vyeo mpaka msomaji wa habari akachoka kuvitaja: Jemadari Mkuu, Daktari, Rais wa Maisha, Mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1975 wafanyabiashara Wazungu walimbeba kitini mbele ya wapiga picha. Watu walicheka. Kicheko hicho kilimfaa, kwa maana mtu anayechekwa haogopwi na walio mbali, huku walio karibu wakifa.

(b) Kuwaonyesha watu adui. Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke Uganda, akidai ameagizwa na Mungu katika ndoto. Akaita jambo hilo Vita vya Uchumi. Maduka yaligawiwa askari na rafiki zao, na muda si muda sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Adui alikwisha ondoka, lakini njaa ilibaki. Basi ilibidi apatikane adui mwingine. Mwezi Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, huku yeye akidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza.

Hapa yatupasa kuwa wakweli na kwetu pia. Sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari wakati huo. Tuliisikia sauti ya Mwalimu Nyerere mwezi Novemba akisema kwamba sababu tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao, na mpaka leo tukikumbuka mwili hutusisimka. Vita ile ilikuwa ya haki, maana tulishambuliwa. Lakini neno "nduli" tulilolipiga kelele mistarini kila asubuhi lilikuwa propaganda, nayo ilitufanya tusahau kwamba kijana wa Uganda aliyekufa vitani alikuwa na mama. Kampala ilitwaliwa mwezi Aprili 1979. Tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ilipita, na sabuni na nguo zikaendelea kuwa haba dukani kwa miaka kadhaa.

(c) Kufunga vinywa na masikio. Pasipo habari, uvumi hutawala. Siku ya uchaguzi, Oktoba 2025, mtandao ulikatika nchini petu kwa siku kadhaa. Tuliona wenyewe jinsi watu walivyoamini kila walichonong'onezwa, wengine kwa hofu kupita kiasi, wengine kwa kukana kabisa kwamba kuna lililotokea. Kumnyima mtu habari ni namna mojawapo ya kumwambia uongo.

(d) Kuwatumia watoto na nyimbo. Juu ya hili tutasema baadaye, kwa kuwa latuhusu wenyewe.

4. ASKOFU MKUU NA AJALI ISIYOKUWA AJALI

Janani Luwum alikuwa Mwacholi wa Mucwini, kaskazini ya Uganda. Mwaka 1974 aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa letu katika Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake wakitafuta silaha. Hawakuona kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamika juu ya jambo hilo na juu ya watu waliokuwa wakiuawa ovyo.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Mbele ya askari wengi zilipangwa bunduki, yakasomwa maungamo ya watu waliodaiwa kushirikiana na Askofu Mkuu katika njama. Askari wakapiga kelele wakitaka watuhumiwa wauawe. Tazameni ufundi wake: vitu vya kuonekana kwa macho, karatasi za kusomwa, na makutano ya kuitikia. Siku ile ile alichukuliwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake redio ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari walipojaribu kumnyang'anya dereva usukani.

Waliofungua jeneza kule Mucwini waliona matundu ya risasi.

Kampala palichimbwa kaburi kwa ajili yake penye Kanisa Kuu la Namirembe, lakini serikali haikuutoa mwili. Watu wakaja hata hivyo, wakasimama karibu na kaburi lililo wazi, wakaimba. Sasa rudieni Mathayo 28. Askari walipewa fedha waseme kwamba mwili umeibwa walipokuwa wamelala. Habari ile nayo ilikuwa na kasoro ambayo mtoto wa shule angeiona: aliyelala alijuaje nani aliyeiba? Na watu watatu wasio na silaha, mikononi mwa askari, wangemnyang'anyaje dereva usukani? Uongo wa watawala mara nyingi haujengwi kuwa imara. Unategemea tu kwamba watu wataogopa kuuliza.

Leo sanamu ya Luwum iko mbele ya Westminster Abbey kule London, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa katika Uganda. Amin alikufa ugenini, Saudi Arabia, mwaka 2003.

5. KANISA LINAPONYAMAZA

Tusijisifu mno. Mwaka 1994 katika Rwanda, redio iliyoitwa RTLM iliwaita Watutsi mende, ikataja majina ya watu na mahali walipojificha. Watu walio wengi katika nchi ile walikuwa wamebatizwa. Mauaji yakiwa yanaendelea, viongozi wawili wa juu wa Kanisa letu la Rwanda walikutana na waandishi wa habari mjini Nairobi, na badala ya kuikemea serikali wakailaumu pande nyingine. Waandishi wengine walisikitika, wakatoka nje.

Basi Kanisa moja limetoa shahidi, na Kanisa lilo hilo limetoa wasemaji wa wauaji. Kanzu haimlindi mtu asitumiwe. Kiongozi wa dini akisimama jukwaani karibu mno na mtawala, sauti yake huazimwa, na siku ya kuihitaji haipati tena.

6. MAJI TULIYOYAIMBA

Tumefika kwetu. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoanza mapema kuhamia vijijini. Mwanzoni watu waliambiwa ni kwa hiari. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kuwa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Shabaha yenyewe ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu na watu. Sisi wenyewe tusingalisoma bila ya vijiji vile. Hilo twalisema kwa shukrani.

Lakini mwaka ule wa 1974 mvua zilikuwa chache. Jamaa zetu walihamishwa wakaacha migomba na mahindi shambani. Sisi tulikuwa watoto wa darasa la tano. Ikasemwa wageni wakubwa watakuja kukitazama kijiji kipya. Tukafundishwa wimbo kwa wiki mbili. Ulisema kwamba sasa tunakula tukashiba, na kwamba maji yametufikia mlangoni. Wageni wakaja na Land Rover tatu, tukaimba, wakapiga makofi, picha zikapigwa.

Jioni bibi yetu alikuwa ameketi penye mafiga. Akatwita, akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, yale maji mliyoyaimba leo yako wapi, nichukue ndoo nikachote?"

Hatukuwa na jibu. Kisima kilikuwa mwendo wa saa nzima, nacho kilikuwa kikikauka. Bibi hakuwa amesoma, lakini aliipima propaganda kwa ndoo. Hatujapata kuona kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Twapenda tungeweza kusema kwamba tulijifunza siku ile. Hatukujifunza. Miaka mingi baadaye, tukiwa walimu, tulingoja mgeni katika shule moja ambayo hatutaitaja. Madawati hayakutosha. Tukaazima madawati thelathini kutoka shule ya jirani, tukayafuta vumbi, tukawaketisha watoto. Mgeni akaondoka ameridhika, akaandika katika kitabu cha wageni kwamba hali ni nzuri. Kesho yake madawati yalirudishwa, na watoto wakarudi sakafuni. Hakuna aliyetuamuru kwa bunduki. Tulitaka tu mambo yapite salama. Wale watoto walikaa sakafuni mwaka mwingine mzima kwa sababu tulisema uongo bila kufungua kinywa.

Hapa ndipo penye fundisho. Propaganda si kazi ya mkubwa peke yake. Yahitaji mwalimu wa kufundisha wimbo, katibu wa kuandika taarifa, mpiga picha wa kuchagua pembe, na mtu wa kupiga makofi. Kila mmoja hutia kidogo, na mwisho mkubwa mwenyewe hudanganywa. Yule mgeni pengine angaliona watoto wako sakafuni angalileta mbao.

Kwa haki tuseme na hili: mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliandika waziwazi kwamba nchi haijafikia ujamaa wala kujitegemea, akataja na makosa yaliyofanyika. Mwaka 1985 akaondoka madarakani kwa hiari. Kiongozi awezaye kusema "hapa tulikosea" amejinyima silaha kubwa ya propaganda.

7. VIPIMO VITANO

Mkisikia neno la mtawala, au la yule atakaye kuwa mtawala, lipimeni hivi:

(i) Kipimo cha ndoo. Je, jambo hili naweza kuliona, kulishika au kulichota? Kama sivyo, nani ameliona?

(ii) Kipimo cha faida. Nikiamini, nani anapata, na nani anapoteza?

(iii) Kipimo cha adui. Je, naambiwa kwamba shida zangu zote zimeletwa na watu wa kabila fulani, dini fulani au chama fulani? Hapo simameni, msiende mbele.

(iv) Kipimo cha swali. Je, anayeuliza hujibiwa au hutishwa? Neno la kweli halichukizwi na swali.

(v) Kipimo cha haraka. Je, nahimizwa niamini sasa hivi na nimpelekee mwenzangu sasa hivi? Siku hizi picha na sauti ya mtu yeyote yaweza kutengenezwa kwa kompyuta, akasikika akisema asilolisema kamwe. Ujumbe wa simu uliokukasirisha, lala nao usiku mmoja kabla hujaupeleka kwingine.

Vipimo hivi vyawahusu watawala na wapinzani wao vilevile. Absalomu hakuwa bado mfalme alipoanza kuwabusu watu. Tena msivitumie kwa kumdharau kila kiongozi. Asiyeamini lolote ni mateka kama yule anayeamini yote, maana wote wawili wameacha kazi ya kupima.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

Maswali haya yafaa kwa vikundi vya nyumbani, Umoja wa Mama na vijana.

1. Katika 2 Samweli 15, ni lipi Absalomu alilolisema ambalo lilikuwa kweli? Kwa nini ukweli huo ulikuwa wa hatari?

2. Taja kampeni moja ya serikali au ya Kanisa uliyoiona. Je, yapita kipimo cha ndoo?

3. Mgombea akija kanisani siku ya Jumapili na bahasha ya mchango, wazee wa kanisa wafanyeje? Je, apewe nafasi ya kusema?

4. Umepata kufundisha, kuimba, kuandika au kupigia makofi jambo ulilojua si kweli? Nani aliumia? (Swali hili kila mtu anaweza kulijibu moyoni mwake.)

5. Watoto wetu watawezaje kufundishwa kumheshimu mkubwa na papo hapo kumwuliza swali?

Bibi yetu alikufa mwaka 1981. Bomba lilifika pale kijijini baadaye sana, na siku lilipofunguliwa watoto waliimba tena. Safari ile tulikwenda na ndoo.